Saa 24 za Mtoto Mwenye Malaria

Nairobi imejengwa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ubaridi wa usiku wake huchelewesha ukuaji wa vimelea vya malaria tumboni mwa mbu, hata wengi wa mbu hao wakafa kabla hawajaweza kumwambukiza mtu. Ndiyo maana mzazi wa Umoja au Lang'ata anaweza kulea watoto wanne asione malaria nyumbani kwake, isipokuwa kwa yule aliyepelekwa kwa nyanya yake Busia likizo ya Desemba akarudi na homa. Naanza na jambo hili kwa sababu karibu kila uamuzi mkubwa kuhusu matibabu ya malaria nchini hufanyiwa katika jiji hili: miongozo huandikwa hapa, zabuni hufunguliwa hapa, na dawa hupangwa katika maghala ya hapa kabla ya kupakiwa kwenye malori. Siwatuhumu wanaofanya maamuzi hayo kwamba hawajali. Ninachosema ni kwamba mtu ambaye hajawahi kumpapasa mwanawe paji la uso usiku wa manane, huku akijua zahanati imefungwa, ni rahisi kusahau kwamba ugonjwa huu huenda kwa saa.

Kando ya Ziwa Victoria hali ni nyingine kabisa. Uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya malaria uliofanywa mwaka wa 2020 uliwapima watoto wa umri wa miezi 6 hadi miaka 14, ukakuta vimelea katika damu ya asilimia 6 yao kwa nchi nzima, lakini katika kaunti za kanda ya ziwa, kama Siaya, Busia, Homa Bay na Migori, kiwango kilikuwa asilimia 19. Miaka mitano kabla ya hapo kilikuwa asilimia 27, kwa hivyo kuna kazi kubwa iliyofanyika na haifai kudharauliwa. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka wa 2023 malaria iliua watu 597,000 duniani, asilimia 95 yao wakiwa barani Afrika, na kwamba kati ya kila wanne waliokufa barani humu, watatu walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka 5. Haya yanatokea ilhali dawa ya kuuponya ugonjwa huu ipo, na katika vituo vya umma nchini Kenya mtoto hupewa bila malipo.

Kwa maoni yangu, kosa letu liko katika kile tunachokihesabu. Ripoti zetu hueleza ni dozi ngapi zilinunuliwa, ni vyandarua vingapi viligawiwa na ni wahudumu wangapi walipewa mafunzo. Swali linaloamua kama mtoto ataishi halimo: tangu homa ilipomshika hadi dozi ya kwanza ilipomfika tumboni, zilipita saa ngapi?

Kimelea kinachosababisha vifo vingi zaidi vya malaria Afrika, Plasmodium falciparum, huzaana ndani ya chembe nyekundu za damu kwa mizunguko ya takribani saa 48, na kila mzunguko ukikamilika chembe hupasuka zikamwaga kizazi kipya. Chembe zilizoambukizwa hunata kwenye kuta za mishipa midogo, ikiwemo ya ubongo, zikazuia damu kupita inavyopaswa. Mtu mzima aliyeugua mara nyingi tangu utotoni ana kinga fulani inayomnunulia muda. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye kinga aliyorithi kwa mama imekwisha na yake mwenyewe haijajengeka, hana. Anaweza kucheza uani asubuhi, akakataa kunyonya jioni, na usiku akazirai. Mwaka wa 1995 watafiti wa Kilifi wakiongozwa na Kevin Marsh walichapisha uchunguzi wa watoto 1,844 waliolazwa hospitalini humo kwa malaria, wakaonyesha kwamba hatari kubwa hutambulika kwa dalili mbili ambazo hata mtu asiye daktari anaweza kuziona, yaani fahamu kupungua na kupumua kwa shida. Walionyesha pia kuwa asilimia 84 ya vifo vilitokea ndani ya saa 24 za kwanza baada ya mtoto kulazwa. Nikiitafakari takwimu hiyo naona kwamba watoto wale walifika wakiwa tayari wamechelewa, na kwamba sehemu kubwa ya vita ilikuwa imeshapiganwa nyumbani na njiani.

Miaka kadhaa iliyopita shemeji yangu alinipigia simu saa 8 usiku kutoka kijiji kimoja cha Busia. "Shemeji, mtoto amechemka tangu jioni, na sasa amegeuza macho," alisema, kisha simu ikakatika. Zahanati iliyo karibu hufunguliwa saa 2 asubuhi. Mhudumu wa afya ya jamii, mama mmoja anayeishi boma la tatu kutoka kwao, alikuja na tochi bila kusitasita, akampima mtoto kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, na mstari wa pili ukajitokeza wazi. Lakini mkobani mwake mlikuwa na vipimo tu; dawa ilikuwa imekwisha wiki kadhaa zilizopita na aliambiwa asubiri. Walipata bodaboda baada ya kugonga milango miwili. Mtoto alipona, na leo yuko shuleni. Mimi hata hivyo sijaweza kuisahau picha ya mama yule akiwa na jibu mkononi asiwe na cha kulifanyia.

Neno alilolitumia jirani aliyekuja kusaidia usiku ule ni degedege, na neno hili linastahili kuzingatiwa kuliko linavyozingatiwa katika mabango ya afya. Kiswahili chenyewe kimetenganisha homa na degedege, na pwani, hasa miongoni mwa Wamijikenda, wapo wanaoamini kwamba mtoto anayekakamaa mikono na kugeuza macho amepitiwa na nyuni, ndege wa mashetani, kwa hivyo tiba yake iko kwa mganga. Baadhi huamini pia kwamba mtoto wa namna hiyo akidungwa sindano atakufa. Mtu wa mjini akisikia hayo hukimbilia kulaumu ujinga. Mimi naona watu wanaofikiri kutokana na wanachokiona: homa huja taratibu, hupanda na kushuka, na kila mtu huijua, mishtuko huja ghafla, hutisha, na haifanani na homa hata kidogo. Tena baadhi ya watoto waliofikishwa hospitalini katika hali hiyo kweli walikufa baada ya sindano, kwa sababu walifika wamechelewa, na aliyeyaona hayo kwa macho yake ana haki ya kuogopa. Si kila degedege ni malaria iliyopanda kichwani, kwani homa kali ya nimonia au ya maradhi mengine huweza pia kumshtua mtoto mdogo, lakini nyumbani hakuna awezaye kutofautisha, na katika kanda yenye malaria kila mtoto aliyeshtuka anapaswa kupimwa mara moja. Mafunzo yanayosema tu kwamba dalili ya malaria ni homa humwacha mama huyu pale pale alipokuwa. Anachohitaji kuambiwa, na watu wa lugha yake na mila yake, ni kwamba homa ya jana na degedege ya leo zinaweza kuwa ugonjwa mmoja, na kwamba mganga anayemheshimu naye anatakiwa kuwa wa kwanza kusema, "Mpeleke hospitali sasa hivi."

Yupo mtu mwingine ambaye tumemsahau, naye ni mwenye duka. Homa ya mtoto kijijini mara nyingi hutibiwa kwanza dukani, kwa sababu duka liko hatua chache kutoka nyumbani, hufunguliwa alfajiri na mwenyewe hukopesha. Mwaka wa 1999 ulichapishwa utafiti wa Kilifi ambapo wenye maduka ya kawaida vijijini walifundishwa namna ya kumuuzia mzazi dawa ya malaria na kumweleza kipimo chake. Kabla ya mafunzo, kati ya watoto wenye homa waliotibiwa kwa klorokwini ya dukani, dawa ya malaria ya wakati huo, ni asilimia 3.7 tu waliopata dozi ya kutosha. Baada ya mafunzo, kiwango hakikushuka chini ya asilimia 65.2. Nimesoma taarifa nyingi za miradi ya afya, na ni chache zilizonigusa kama hii, kwa sababu waliobadilisha mambo ni watu waliokuwa wakiuza sukari na mafuta ya taa. Kwa bahati mbaya dawa waliyofundishwa kuiuza ilikuwa ikifikia mwisho wake. Kenya iliiacha klorokwini kama tiba ya kwanza mwaka wa 1998, ikahamia mseto wa sulfadoksini na pirimethamini, nao ukashindwa haraka, na mwaka wa 2004 ikaamuliwa kwamba tiba iwe dawa mseto ya atemetha na lumefantrini, ile ambayo wengi huiita AL. Kuanzia mwaka wa 2010 dawa hiyo iliyotiwa ruzuku, yenye alama ya jani la kijani kwenye pakiti, iliuzwa katika maduka ya dawa kwa bei iliyopendekezwa ya shilingi 40. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Ushauri huo ni sahihi, kwa maana homa nyingi za watoto si malaria, na mtoto mwenye nimonia akipewa AL atapoteza muda alionao. Lakini muuzaji asiyeweza kupima alijikuta nje ya mpango, na alichobaki nacho kijijini ni dawa ya kushusha homa, ambayo humpoza mtoto kwa saa chache na kumtuliza mama wakati vimelea vinaendelea na kazi yao. Naamini muuzaji huyo anaweza kufundishwa kupima, au walau kufundishwa kumpeleka mteja kwa mhudumu wa jamii badala ya kumpa vidonge viwili na kumtakia heri.

Tuseme sasa dawa imepatikana. Mtoto mwenye uzito wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja cha AL kila dozi, na wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa viwili. Dozi ni sita kwa siku tatu. Ya pili hufuata baada ya saa 8, kwa hivyo mtoto aliyepewa ya kwanza saa 3 asubuhi atapewa nyingine saa 11 jioni, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Inafaa inywewe pamoja na chakula chenye mafuta, na kwa mtoto mdogo maziwa ya mama au uji uliotiwa maziwa hutosha, kwa sababu bila mafuta lumefantrini hainyonywi vizuri mwilini. Atemetha huua vimelea kwa kasi kubwa, na hapo ndipo penye mtego: siku ya pili mtoto ameamka, anaomba chakula, na mama mwenye watoto watatu huona busara kuweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya homa ijayo. Hajui kwamba kazi ya kumaliza mabaki ni ya lumefantrini, inayokaa mwilini kwa siku kadhaa lakini inahitaji dozi zote ili ifikie kiwango cha kutosha. Kumweleza hili hakuhitaji zaidi ya dakika mbili, ila dakika hizo mbili ni nadra kupatikana kwenye foleni ya kliniki yenye muuguzi mmoja.

Vidonge vyenyewe vimeboreshwa. Tangu mwaka wa 2009 vipo vinavyoyeyuka kwenye maji kidogo na vyenye ladha tamu, vikachukua nafasi ya vile vichungu vilivyopondwa kwa kijiko na kutemwa nusu, na Julai 2025 mamlaka ya dawa ya Uswisi iliidhinisha AL ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa watoto wachanga wa kilo 2 hadi 5. Chanjo nayo, ambayo Kenya ilianza kuitoa Homa Bay mwezi wa Septemba 2019, inapunguza idadi ya watakaofikia hali mbaya. Nayataja haya kwa shukrani, ila hakuna lolote kati yake linalojibu swali la saa.

Jibu la wazi zaidi kuhusu saa limetoka katika utafiti wa dawa moja, na ndilo ninalotamani lisomwe na kila anayekaa kwenye meza ya bajeti. Mtoto mwenye malaria kali hawezi kumeza. Mwaka wa 2010 utafiti uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliodungwa atesunati na asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini, na tangu hapo sindano ya atesunati ndiyo tiba. Lakini sindano iko hospitalini, na mtoto yuko kijijini. Kwa hiyo kilitengenezwa kidonge laini cha atesunati cha miligramu 100 kinachotiwa kwa njia ya haja kubwa, ili mhudumu wa jamii ampe mtoto huduma ya kwanza kabla ya safari. Majaribio yaliyofanywa Ghana, Tanzania na Bangladesh, na kuchapishwa mwaka wa 2009, yalionyesha kwamba kwa watoto waliochukua zaidi ya saa 6 kufika kituoni, kidonge hicho kilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu kwa karibu nusu. Ilionekana tatizo limepata dawa.

Kisha kidonge kikapelekwa katika maisha ya kawaida. Kati ya mwaka wa 2018 na 2020 kilifuatiliwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Nigeria na Uganda, na watafiti hawakuona vifo vikipungua kama ilivyotarajiwa. Kidonge hakikuwa kimeharibika. Watoto wengi waliopewa hawakufika hospitalini, au walifika wakakosa sindano, au walidungwa sindano wakaruhusiwa kurudi nyumbani bila dozi kamili ya dawa mseto ya kumalizia. Januari 2022 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zisitishe kukisambaza zaidi, na baadaye likaeleza masharti ambayo kinaweza kutumiwa: kuwe na njia ya kweli ya kumfikisha mtoto, na kuwe na matibabu kamili anakofikishwa. Naliona tukio hili kuwa funzo kubwa kuliko uvumbuzi wenyewe. Kidonge hicho humpa mtoto muda wa safari, na muda huo huwa bure pale ambapo pikipiki haipatikani, au inapomfikisha kwenye wodi isiyo na sindano, isiyo na damu ya kuongezea na isiyo na mtu wa zamu.

Hata anayetoka hospitalini hajavuka. Mtoto aliyelazwa kwa upungufu mkubwa wa damu hurudi kwenye nyumba ile ile yenye mbu wale wale, na uboho wake bado haujaweza kujaza kilichopotea. Utafiti uliofanywa Kenya na Uganda kwa watoto 1,049 wa namna hiyo, uliochapishwa mwaka wa 2020, uligundua kwamba wakipewa dawa ya malaria mara moja kila mwezi kwa miezi mitatu baada ya kuruhusiwa, vifo na kulazwa upya hupungua kwa asilimia 70 katika kipindi wanachopewa dawa. Utaratibu huu unapendekezwa kimataifa tangu mwaka wa 2022. Anayeweza kuutekeleza, kwa kugonga mlango kila mwezi na kuhakikisha dozi imenywewa, ni yule yule mama wa boma la tatu.

Narudi kwake kwa sababu kila nyuzi ya jambo hili inaishia mikononi mwake. Septemba 2023 serikali iliwazindua rasmi wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa na kuahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti. Niliufurahia uzinduzi ule na bado nauunga mkono. Hata hivyo, posho ikicheleweshwa kwa sababu serikali moja inaingojea nyingine, na mkoba ukabaki bila AL, huwa tumemtuma mtu kuwaonyesha majirani zake kwamba serikali inajua wanaumwa. Hatari hiyo imeongezeka tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, maana mpango wake wa malaria ulikuwa miongoni mwa wafadhili wakuu wa vipimo na dawa katika nchi hii. Juu ya hayo, vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, jamii ya dawa ambamo mna atemetha na atesunati, vimethibitishwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea, nchi mbili kati ya hizo zikipakana na kaunti zetu zenye malaria nyingi, na dozi zinazoishia katikati ni miongoni mwa mambo yanayoupa usugu huo nafasi ya kuenea.

Yapo mambo mawili ambayo serikali inaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili. La kwanza ni kuutambua mkoba wa mhudumu wa jamii kuwa ghala la dawa kama maghala mengine, ili AL ikikosekana humo kwa wiki moja katika kanda ya ziwa au pwani, taarifa ipande na hatua ichukuliwe kwa uzito ule ule wa dawa kukosekana katika hospitali ya rufaa. La pili ni dogo kiasi kwamba linaweza kuanza mwezi ujao. Fomu anayoijaza mhudumu kwa kila mtoto mwenye homa iongezewe nafasi mbili: siku na saa homa ilipoanza, na siku na saa mtoto alipomeza dozi ya kwanza. Akina mama wanazikumbuka saa hizo. Shemeji yangu anaikumbuka yake hadi leo. Tofauti kati ya saa hizo mbili ijumlishwe kwa kila kata, ifikishwe Nairobi kila mwezi pamoja na hesabu za dawa na vyandarua, na kata ambayo watoto wake wanasubiri kwa muda mrefu kuliko wengine iwe ya kwanza kupakiwa kwenye lori.